Paswadi ya Sista Jepkemei

Kiamunyi, Nakuru
Jumapili, 30 Machi 2025

Sista Jepkemei,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mke wangu Celestine. Simu yako imezimwa tangu siku uliyotoka kambini, ndiyo maana nimeshika kalamu. Zamani nikiwa mpakani ndivyo nilivyokuwa nikiwasiliana na nyumbani, kwa hivyo mkono bado unakumbuka.

Nimekutumia vitu ulivyoacha kliniki: sweta ya kijani, viatu vyeupe na ile redio ndogo. Koplo Cheptoo alitaka kuvitia kwenye boksi la vitu visivyo na mwenyewe. Nilimwambia mwenyewe yuko.

Pengine hujaona uamuzi wa baraza ukiwa umeandikwa. Umebandikwa nje ya ofisi na nimeona ni haki ujue unasema nini. Unasema kwamba Jumamosi tarehe nane Februari, saa kumi na dakika kumi na mbili jioni, mfumo mpya wa kambi ulitoa onyo kuwa friji ya kliniki imeharibika na inagandisha dawa. Kwamba onyo hilo lilizimwa kwa paswadi ya Nesi Jepkemei. Kwamba Jumanne yake, Private Sitati alipoletwa kutoka mazoezini akiwa ameumwa na bafe, chupa zote za dawa ya sumu ya nyoka zilikutwa zimeganda na kupasuka. Na kwamba kwa sababu ya muda uliopotea akipelekwa Nakuru, kijana amekatwa mguu wa kulia chini ya goti. Kwa hayo nesi ameachishwa kazi.

Sina la kuongeza. Umekaa na sisi miaka sita na hakuna mtu kambini ambaye hujamfunga bandeji. Watu wanasema wewe si mtu wa kuzima onyo na kwenda zako. Hata mimi nasema hivyo.

Ukihitaji chochote, niandikie nyumbani, si kambini.

Sajini Joash Makhanu


Kabazi
Jumatatu, 7 Aprili 2025

Afande Makhanu,

Barua na vitu vimefika salama kwa duka la dawa za mifugo ninapopokelea barua. Asante. Nilivaa ile sweta hapohapo dukani kwa sababu mvua ilikuwa imeanza.

Simu niliizima kwa kuwa wengine walipiga kunihurumia na wengine walitaka tu kusikia nitasema nini. Hapa tunapanda mahindi. Asubuhi nakamua, mchana niko shambani na mama. Nimemwambia niko likizo. Anafurahi sana. Jumapili kanisani alisimama akashukuru kwamba serikali imempa binti yake mapumziko marefu, na mimi nikapiga makofi pamoja na wengine.

Cheptoo aliniambia jambo kabla sijaondoka. Kwamba siku moja kabla ya uamuzi uliingia kwa kamanda ukakaa nusu saa mlango umefungwa. Najua ulienda kunitetea. Sikupata nafasi ya kukushukuru, kwa hivyo nakushukuru sasa. Katika watu wote wa pale, ni wewe peke yako.

Kuna jambo lingine nataka ulijue, lisikusumbue moyo. Siku ya baraza waliniuliza kama kuna mtu mwingine anayejua paswadi yangu. Nilikuona umekaa mstari wa mbele, umeinamisha kichwa. Nikakumbuka ile Januari, mfumo ulipokufungia nje baada ya kukosea mara tatu, ukaja kliniki ukaniomba kwa sauti ya chini, nami nikakuandikia yangu nyuma ya pakiti ya dawa. Lakini wiki iliyofuata uliniambia umeshapewa yako mpya, kwa hivyo niliona halihusiani. Nikajibu hapana. Vijana wangekucheka bure, mtu wa cheo chako, ukiwa umebakisha mwaka mmoja ustaafu.

Msalimie mama Celestine.

Jepkemei


Kiamunyi
Alhamisi, 17 Aprili 2025

Sista,

Barua yako niliipata. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi.

Kliniki imeletewa friji mpya. Mvua huku ni nyingi pia, uwanja wa gwaride umejaa maji na gari la maji taka lilikwama siku mbili.

Kuhusu kwenda kwa kamanda, si jambo la kunishukuru. Tafadhali usilitaje tena. Na hayo mengine ya Januari, ni vizuri usiyaandike kwenye karatasi. Barua hupotea.

Mama yako amalize kupanda mapema, wanasema mvua itakatika Mei.

J. Makhanu


Kabazi
Ijumaa, 2 Mei 2025

Afande,

Nilienda Nakuru Jumanne iliyopita kumwona Sitati. Bado yuko wodini. Nilibeba mayai thelathini ya hapa nyumbani, nimeyapanga kwenye kikapu na majani makavu yasivunjike.

Mama yake, Nekoye, alikuwa ameketi kando ya kitanda. Alikuwa hanijui. Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye nesi." Hakuinua sauti. Alichukua kikapu mkononi mwangu, akatembea nacho mpaka nje ya mlango wa wodi, akakiweka chini sakafuni, akarudi akaketi. Kisha akasema, "Sasa umeshamwona. Nenda."

Nilimwomba msamaha. Nilimwomba Sitati pia, lakini alikuwa amegeukia ukuta. Sijui kama alikuwa amelala.

Nataka kukuuliza kitu kwa sababu wewe hutanicheka. Inawezekana mtu abonyeze kitu na asikumbuke kabisa? Jumamosi ile kliniki ilifungwa saa saba. Nilifua nguo, nikalala kidogo, nikaamka nikasuka nywele. Nakumbuka hata rangi ya uzi. Simu ya kliniki yenye mfumo ilikuwa mezani chumbani kwangu. Sikumbuki kuigusa. Lakini mashine imeandika jina langu na dakika, na mashine haina sababu ya kunichukia. Siku hizi nikifunga lango la ng'ombe narudi kuliangalia mara tatu. Jana nilirudi mara tano. Nimeanza kuamini kwamba niliamka nikazima onyo nikarudi kulala, na kama niliweza kufanya hivyo basi sifai kumshika mgonjwa tena.

Kama wangeniachia daftari langu! Miaka sita nimeandika joto la friji asubuhi na jioni kwa kalamu. Lakini mfumo ulipokuja tuliambiwa tuache, na tusifungue friji ovyo, skrini inaona kila kitu.

Niambie ukweli. Wewe ulikaa na mfumo huo kila siku. Inawezekana?

Jepkemei


Kiamunyi
Jumanne, 6 Mei 2025

Sista Jepkemei,

Haiwezekani. Wewe hukubonyeza kitu. Ni mimi.

Nimeandika mstari huo wa kwanza kabla ya salamu kwa sababu nikianza na salamu sitaufikia.

Sikuwahi kupewa paswadi mpya. Nilikudanganya. Ili kupewa mpya ilibidi niende kwa wale vijana wa ofisi ya mfumo niseme nimefungiwa nje tena, na walikuwa wameshaanza kuniita Analojia. Kwa hivyo nikaendelea na yako. Kila asubuhi kwa wiki tano niliandika jina la mama yako, Chepchumba, na mwaka wake wa kuzaliwa, nikaingia.

Unajua kazi yangu ilivyokuwa. Miaka ishirini na tano nimejua maji ya kambi kwa kugonga tangi kwa kifundo cha kidole. Mafuta ya jenereta nilipima kwa fimbo. Nilizunguka na daftari na hakuna siku kambi ilikauka. Halafu wakaleta vidude vya kupima kila tangi, kila taa, lango, jenereta, hata friji yako, na vyote vinaongea kwenye skrini moja, nikaambiwa nikae mbele yake kwa sababu mimi ndiye naijua kambi. Mathenge, yule kijana wa kampuni, alitufundisha siku tatu. Kila jioni aliuliza, "Kuna mwenye swali?" Mimi nilikuwa nayo kumi. Nilimwangalia Cheptoo, nikaangalia wale wa miaka ishirini na mbili, wote wanatikisa vichwa. Nikatikisa changu.

Jumamosi hiyo skrini ililia tangu asubuhi. Taa za uwanja, tangi la pili, lango la nyuma. Vijana walikuwa wameketi nyuma yangu wanatazama mpira kwenye simu. Saa kumi ikatokea picha ya friji, nyekundu, na maneno ya Kiingereza, na namba: kasoro sita. Sitakudanganya kwamba sikuona. Niliona. Nikafikiri, friji ikizidi kuwa baridi si ndiyo kazi yake? Nikataka kugeuka niulize. Koplo mmoja akasema, "Afande, zima hiyo kelele tusikie mpira." Nikabonyeza pale pa kunyamazisha zote. Nilidhani ni kwa saa moja. Ilikuwa mpaka mtu aifungue tena kwa mkono, na hakuna aliyeifungua.

Hatua thelathini kutoka pale mpaka chumbani kwako kando ya kliniki, Sista. Ningetembea nikakuuliza, "Kasoro sita ni mbaya?"

Kwenye baraza waliniuliza kama niliona onyo. Nikasema sikuona. Ulipoulizwa kuhusu paswadi nikajua sasa utanitaja, na nikuambie ukweli wote, nilipumua. Nilisema moyoni, acha aseme, yaishe. Ukasema hapana. Nikaangalia viatu vyangu.

Kwa kamanda sikwenda kukutetea. Nilienda kusema. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani. Akaniuliza, "Sajini, kuna nini?" Nikasema, "Afande, tangi la tatu linavuja." Tuliongea juu ya tangi la tatu nusu saa, akachora mpaka ramani ya mabomba. Tangi la tatu halikuwa linavuja.

Na hiyo barua yangu ya Aprili, kwamba usiandike mambo kwenye karatasi. Nilipoituma nilimwona Celestine akipika nikatoka nje, sikuweza kukaa chumba kimoja naye.

Kesho saa mbili naingia ofisini. Nimekuandikia leo ili nikishindwa tena, wewe uwe na karatasi hii mkononi. Ipeleke popote unapotaka.

Joash Makhanu


Kabazi
Jumatatu, 12 Mei 2025

Bwana Makhanu,

Nitakueleza jinsi barua yako ilivyosomwa.

Mama alikuwa ameketi mlangoni anapepeta maharagwe. Hajui kusoma. Aliponiona na bahasha akasema, "Ni yule mzee wa kazini? Nisomee na mimi nisikie, anaandikanga vizuri." Barua zako mbili za kwanza nilikuwa nimemsomea, nikiruka nilichotaka kuruka. Kwa hivyo nikafungua nikaanza kwa sauti. Nilisoma mstari wa kwanza kabla sijauelewa. Na baada ya hapo sikuweza kuruka, sijui kwa nini. Nilisoma yote. Onyo, baraza, mguu wa kijana. Nilisikia sauti yangu ikisoma kama ya mtu anayesoma matangazo ya mazishi.

Nilipofika kwa jina lake aliacha kupepeta. Nilipomaliza akasema, "Kwa hivyo likizo imeisha."

Nikasema, "Haikuwa likizo, mama."

Akasema, "Nimesikia. Na mimi nilisimama kanisani." Akachukua ungo wake akaingia ndani. Siku mbili hakuniongelesha. Si kwa sababu ya kazi. Kwa sababu nilimwacha amshukuru Mungu kwa uongo mbele ya watu wanaojua kila kitu. Walikuwa wanajua, kumbe. Wote. Yeye peke yake ndiye alikuwa hajui.

Nimejaribu kukukasirikia kuhusu kitufe na sijaweza sana. Mtu anaweza kukosea kitufe. Lakini nilikuandikia kwamba nimeanza kujiona mwendawazimu. Ile barua ya kwanza uliniandikia, "Hata mimi nasema hivyo." Ulikaa ukaandika maneno hayo, ukatia sahihi, ukakunja sweta yangu.

Niliacha mayai kwenye sakafu ya hospitali kwa ajili yako.

Usiniandikie mpaka uwe umeenda kwa mama yake Sitati.

Jepkemei


Kiamunyi
Jumamosi, 28 Juni 2025

Sista Jepkemei,

Nimeenda. Ndiyo maana naandika.

Kwanza ya kambini. Tarehe saba Mei niliingia kwa kamanda na mara hii nilianza kuongea kabla hajaniuliza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mbona hukusema siku ya baraza?"

Nikajibu, "Niliona aibu, afande."

"Aibu ya nini?"

"Ya kutojua kutumia skrini."

Nadhani angenielewa zaidi kama ningemwambia nilikuwa nimelewa.

Baraza limekaa upya mara mbili. Nimevuliwa cheo mbele ya gwaride na ninaondoka jeshini mwisho wa Julai. Nimeandika taarifa na jina lako limefutwa kwenye ule uamuzi. Cheptoo mwenyewe alibandua karatasi ya zamani ukutani. Utapokea barua ya ofisi. Celestine anajua yote. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama wewe unajua, nikasema ndiyo, akaendelea kukunja nguo.

Sitati amesharudi kwao, zile nyumba za zamani za reli. Mama Nekoye alinikaribisha kwa sababu aliona nguo za jeshi. Akanimiminia chai. Nikasema kabla sijaigusa, maana nisingeweza kusema nikiwa nimeinywa. Nilitegemea atanifukuza. Alikaa, akafunika uso na leso, akalia, na kitu alichosema ni hiki: "Yule msichana nilimrudishia mayai." Alirudia mara nyingi. Juu yangu hakusema neno. Ningependa angesema.

Sitati alikuwa kwenye kochi, gongo limeegemea ukuta. Aliuliza nimwonyeshe nilibonyeza wapi. Akatoa simu yake, akatafuta picha ya skrini ya mfumo, nikamwonyesha. Akasema, "Afande, hapa si kuna alama ya swali? Ukiigusa inakuambia kila kitu, hata kwa Kiswahili." Sikuwahi kuiona ile alama. Halafu akasema, "Mbona hukuniuliza mimi? Nilikuwa hapo kambini tu. Hiyo kitu ni ya dakika mbili."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza kweli, anataka kujua. Nikamrudishia simu yake kijana wa miaka ishirini na tatu ambaye mguu wa suruali yake umefungwa kwa pini.

Sijui kama naruhusiwa kukuomba msamaha. Naomba. Si wa kitufe. Wa zile barua.

Joash Makhanu


Kambini
Jumatano, 20 Agosti 2025

Mzee Makhanu,

Nimerudi kazini tangu tarehe nne. Sikutaka. Mama ndiye aliyefua zile nguo nyeupe akazianika mahali kila mtu anayepita barabarani angeziona.

Mimi pia nilienda kwa kamanda. Nilimwambia nilisema hapana mahali palipotakiwa ndiyo, na kwamba paswadi niliitoa kwa mkono wangu. Nimepewa onyo la maandishi, liko kwenye faili langu. Niliona ni sawa. Kama ningekutaja siku ile, ungeaibika wiki moja na mimi nisingepoteza miezi mitano ya kazi, wala kuhesabu mara ngapi nimefunga lango. Nilifikiri nakuhurumia. Nilikuwa nakuona kama mtu ambaye hawezi kustahimili kuchekwa, na nikakufanya uwe hivyo.

Sitati anafunzwa kazi ya skrini. Jumatatu alinipigia kelele kutoka ofisini kwamba friji imefika digrii tisa, nikakimbia, kumbe ni mimi niliyeacha mlango wazi. Alicheka. Ni mara ya kwanza namsikia akicheka. Mama yake bado hawezi kuniangalia usoni tukikutana, na mimi siwezi kumwangalia, tunasalimiana tukitazama chini kama wezi wawili.

Uliniomba kitu Juni na sijajibu. Asubuhi nyingine naamka nikiwa nimekusamehe, na kufika saa nne nakumbuka ile "barua hupotea" nalazimika kuweka sindano chini.

Kila Jumapili nikienda nyumbani mama ananiuliza kama yule mzee ameandika. Namwambia hajaandika. Wiki iliyopita akaniuliza, "Na wewe, umemwandikia?" Nikamwambia nimekuandikia. Nilikuwa sijaandika. Ndiyo hii.

Jepkemei